Haraka ya Jirani: Jinsi Cleveland Inavyopata Warushaji

Usiku wa tarehe 2 Novemba 2016, katika mechi ya saba na ya mwisho ya World Series, fainali ya besiboli ya Marekani, warushaji kumi, wale wanaomrushia mpigaji mpira, walipanda kichuguu cha uwanja wa Progressive Field mjini Cleveland, watano wa wenyeji na watano wa Chicago Cubs. Jon Lester wa Cubs alikuwa mchezaji huru aliyesajiliwa kwa mamilioni ya dola. Cody Allen wa Cleveland alichukuliwa na timu yake kwenye drafti, ambako timu hupokezana kuchagua vijana wapya, akakuzwa nyumbani. Wanane waliobaki walifika kwa njia moja: timu ilitoa watu, ikapewa watu.

Walioanza mechi hiyo, Corey Kluber wa Cleveland na Kyle Hendricks wa Cubs, wote waliletwa tarehe 31 Julai, siku ambayo dirisha la kubadilishana wachezaji lilikuwa likifungwa miaka hiyo, mmoja mwaka 2010 na mwenzake mwaka 2012. Siku walipoletwa wote walikuwa vijana wa ligi ndogo, na majina yao yalitajwa mwishoni mwa habari. Warushaji wawili wa mkono wa kushoto walioaminiwa na makocha wao kuliko wengine wote msimu ule, Andrew Miller wa Cleveland na Aroldis Chapman wa Cubs, walitoka timu moja, New York Yankees, ndani ya wiki moja ya Julai 2016.

Orodha ile ya watu kumi nimeirudia mara nyingi. Wengi huisoma kama ushahidi kwamba ofisi za usajili za siku hizi zina macho ya kuona mbele, zina kompyuta, zina wataalamu wa takwimu, basi zinajua. Mimi siisomi hivyo. Ninachokiamini baada ya kuifuatilia Cleveland kwa miaka mingi ni kwamba timu hii haioni mbele kuliko wenzake. Inajua kusubiri, na inajua kumtambua aliye na haraka. Kila ilipopata mrushaji mzuri kwa bei ndogo, upande wa pili wa meza palikuwa na timu iliyobanwa na muda. Na ilipobanwa yenyewe, bei ilipanda.

Niwaeleze kwanza wasomaji waliokulia kwenye kandanda. Katika kandanda klabu hununua mchezaji kwa fedha, na mchezaji asipotaka kwenda haendi. Katika besiboli ya Marekani fedha taslimu ni nadra kuwa ndiyo bei. Mtu hubadilishwa kwa mtu, au mmoja kwa wanne, na mkataba wake unahama naye. Mara nyingi yeye mwenyewe haulizwi. Anapigiwa simu, anafungasha, kesho yuko mji mwingine na jezi nyingine. Kitu kinachopimwa kwenye mizani si kipaji peke yake, ni kipaji pamoja na miaka. Mchezaji akiingia ligi kuu, timu inamshikilia kwa takriban misimu sita kabla hajawa huru kwenda atakako. Misimu mitatu ya mwanzo analipwa karibu na kima cha chini cha ligi, mitatu inayofuata mshahara unapanda kwa majadiliano au kwa uamuzi wa msuluhishi. Baada ya hapo ni soko huria, na soko huria ni la New York na Los Angeles.

Cleveland si mji wa kushindana kwenye soko hilo. Familia ya Dolan iliinunua timu mwaka 2000 kwa dola milioni 323, na tangu hapo imeendeshwa kwa mkono wa kubana. (Timu iliitwa Indians hadi mwisho wa msimu wa 2021, sasa ni Guardians, mimi nitaiita Cleveland tu.) Mrushaji naye ni mali inayovunjika. Kiwiko kina kano moja nyembamba ambayo ikikatika ni upasuaji na zaidi ya mwaka nje ya uwanja; bega likiharibika huenda asirudi kabisa. Kumlipa mrushaji mmoja kwa miaka saba ni kuweka akiba yote kwenye kiwiko kimoja. Kwa hiyo timu isiyo na fedha inahitaji warushaji wengi, inawahitaji mapema, na inahitaji mahali pa kuwaweka wakati wanajifunza.

Mahali hapo naishi mimi. Columbus, Ohio, ni mwendo wa saa mbili na kidogo kwa gari kutoka Cleveland, na timu yetu ya hapa, Clippers, ndiyo ngazi ya mwisho ya ligi ndogo ya Cleveland tangu mwaka 2009. Waswahili wenzangu hapa mjini wengi wako na kandanda lao, na siwalaumu. Lakini ukikaa Huntington Park jioni ya Mei, viti vingi vitupu, ukamtazama kijana wa miaka ishirini na minne ambaye hakuna anayemjua akirusha mpira uleule mara kwa mara na kupigwa mara kwa mara, unaiona biashara hii kwa upande ambao habari za dirisha la usajili haziuonyeshi kamwe. Vyombo vya habari vinatangaza siku ya kubadilishana. Mimi nimeona miaka inayofuata.

Hadithi yenyewe ianzie mwaka 2002, kwa sababu hapo ndipo ofisi hii ilipojifunza kazi. Cleveland ilikuwa imetoka kwenye miaka yake minono: kati ya 1995 na 2001 ilishinda kundi lake mara sita. Mark Shapiro ndiyo kwanza alikuwa amekabidhiwa umeneja mkuu, kazi ya kusimamia usajili, na alikuwa na Bartolo Colon, mrushaji mwenye nguvu kuliko wote aliokuwa nao, katika kikosi kilichokuwa kinazeeka. Mbali kidogo, Montreal, kulikuwa na timu isiyokuwa na kesho. Ligi ilikuwa imetangaza nia ya kufuta timu mbili, na Expos wa Montreal walikuwa mmojawapo. Ligi yenyewe ndiyo iliyokuwa mmiliki wao wakati huo. Meneja mkuu wao, Omar Minaya, alikuwa na kikosi kinachoshindana na hakuwa na sababu hata moja ya kuweka vijana kwa ajili ya mwaka 2005. Watamchezea nani?

Tarehe 27 Juni 2002 Cleveland ikawapa Montreal Colon pamoja na Tim Drew, ikapokea mkongwe Lee Stevens na vijana watatu: Cliff Lee, Grady Sizemore na Brandon Phillips. Colon alirusha vizuri Montreal, akafikisha ushindi 20 mwaka huo kwa timu mbili (katika besiboli ushindi wa timu huandikwa pia kwa jina la mrushaji mmoja), na Expos hawakufika popote. Sizemore akawa nyota. Lee, mwaka 2008, alishinda mechi 22 akapoteza 3, akapewa tuzo ya Cy Young, tuzo ya mrushaji bora wa ligi.

Wanaoipenda hadithi hii huishia hapo, wakiitaja kama mfano wa mauzo yaliyofanikiwa kuliko yote. Ila tazameni tarehe. Kutoka Juni 2002 hadi tuzo ya Lee ni miaka sita. Mwaka 2007, Cleveland ilipobakiza ushindi mmoja tu kuingia World Series, Lee hakuwemo hata kwenye kikosi cha mtoano. Alikuwa ameumia, akapoteza kiwango, akateremshwa ligi ndogo katikati ya msimu. Timu yenye haraka ingekuwa imeshamtoa. Na wao wenyewe walichoka kumsubiri mmoja wa wale watatu: Brandon Phillips aliachiwa aende Cincinnati Aprili 2006 kwa bei ya kitu kidogo sana, na huko akawa mmoja wa wachezaji bora wa nafasi yake kwa miaka mingi. Kumpata kijana kunachukua alasiri moja ya simu. Kubaki naye wakati kila mtu anasema hafai ndiyo kazi, na hata Cleveland imeishindwa.

Halafu kuna upande wa kuuza, ambao unauma na sitaki kuupitia haraka kana kwamba ni hesabu tu. CC Sabathia, aliyekulia Cleveland tangu drafti, alishinda Cy Young ya 2007. Julai 2008 akauzwa Milwaukee. Lee akashinda ya 2008. Julai 2009 akauzwa Philadelphia. Washindi wawili wa tuzo kubwa kuliko zote, ndani ya miezi kumi na mitatu, wote wakaondoka. Oktoba 2009 mechi ya kwanza ya World Series ikachezwa New York: Sabathia akaanza kwa Yankees, Lee akaanza kwa Philadelphia. Lee alirusha mechi nzima peke yake, Philadelphia wakashinda 6–1. Nawafahamu watu wa Ohio ambao hadi leo hawataki kuzungumzia usiku ule, na nawaelewa. Mtu anayeipenda timu haipendi kwa ajili ya mizania ya mwaka 2014. Anampenda mrushaji aliye mbele yake leo, na ofisi ikimwambia asubiri miaka mitano inamwomba kitu kikubwa.

Lakini tazama walichochukua. Philadelphia walikuwa mabingwa wa 2008 na walitaka taji la pili mara moja. Walikuwa wakimfukuzia Roy Halladay wa Toronto, bei ikawashinda, wakageukia Cleveland. Hiyo ndiyo hali ya mwenye duka anayejua kwamba mteja wake anawahi basi. Miongoni mwa wanne waliokuja alikuwemo kijana wa Venezuela, Carlos Carrasco. Carrasco alianza vibaya, akaumia kiwiko, akafanyiwa upasuaji mwaka 2011, akaukosa msimu mzima wa 2012, akasimamishwa na ligi kwa kuwarushia wapigaji mpira kichwani, akarudi 2013 akipigwa vibaya sana: zaidi ya mikimbio sita, yaani alama sita, kwa kila awamu tisa, urefu wa mechi moja ya kawaida. Mwanzoni mwa 2014 walimwondoa kwenye safu ya waanzishaji wakamweka nyuma, awe anaingia mechi zikiwa katikati. Agosti ile wakamrudisha kuanza mechi, na tangu siku hiyo alikuwa mtu mwingine. Mwaka 2017 alishinda mechi 18. Kutoka siku ya kumuuza Lee hadi siku Carrasco alipokuwa Carrasco ni miaka mitano.

Kwa Sabathia, mtoto aliyetarajiwa zaidi alikuwa Matt LaPorta, na hakuwa kitu. Aliyefaa ni yule aliyeongezwa baadaye kukamilisha idadi, Michael Brantley. Hapo pia sioni macho ya kuona mbele. Naona timu iliyochukua wanne ikijua haijui ni yupi.

Sasa Kluber. Huyu ningeweza kumwandikia makala peke yake.

Julai 2010 San Diego Padres walikuwa wakiongoza kundi lao bila mtu yeyote kutarajia. Walihitaji mpigaji. St. Louis Cardinals walikuwa na mpigaji, Ryan Ludwick, na walihitaji mrushaji. Cleveland walikuwa na mrushaji, Jake Westbrook, mwenye miaka 32, aliyerudi kutoka upasuaji wa kiwiko, mkataba wake ukibakiza miezi miwili. Timu mbili zenye haraka, na moja isiyo na haraka yoyote. Tarehe 31 Julai Westbrook akaenda St. Louis, Ludwick akaenda San Diego, na San Diego wakaipa Cleveland mrushaji wa ligi ndogo daraja la pili, Corey Kluber, aliyechukuliwa raundi ya nne ya drafti ya 2007 kutoka chuo cha Stetson huko Florida. Ludwick hakuwika. Padres waliukosa mtoano kwa kufungwa siku ya mwisho ya msimu.

Mwaka 2011 Kluber alikuwa hapa Columbus, na hakuwa mzuri. Wastani wake ulikuwa zaidi ya mikimbio mitano kwa awamu tisa, katika ligi ndogo, akiwa na umri wa miaka 25. Katika umri huo na kiwango hicho wengi hurudi nyumbani kutafuta kazi nyingine. Mpira wake wa kasi ulikuwa wa kunyooka na wapigaji walikuwa wakiungojea. Mwaka 2012 kocha wa warushaji wa Clippers, Ruben Niebla, akamshawishi abadilishe namna ya kuushika, vidole vikae kwenye mishono tofauti, mpira usinyooke tena bali upinde pembeni na kuzama karibu na mpigaji. Hilo tu. Kwa mtu wa nje ni jambo dogo mno kuitwa mapinduzi. Lakini mpira ule wa kuzama uliufungulia njia mpira wake mwingine, ule unaokata kwenda upande wa pili, na wapigaji wakawa hawajui tena waegemee wapi.

Mwaka 2014 Kluber alishinda mechi 18, wastani 2.44, akachukua Cy Young. Tarehe 13 Mei 2015 aliwatoa wapigaji 18 kwa straiki tatu, bila wao kuupiga mpira, ndani ya awamu nane, na timu iliyokuwa mbele yake ilikuwa St. Louis, wale wale waliomchukua Westbrook. Mwaka 2017 akachukua Cy Young ya pili, 18 kwa 4, wastani 2.25.

Ninaposikia watu wakisema Cleveland «iliiba» Kluber, nakasirika kidogo, kwa sababu neno hilo linamfuta Niebla, linafuta majira mawili ya Columbus, na linamfuta Kluber mwenyewe. Tarehe 31 Julai 2010 hakukuwa na kitu cha kuiba. San Diego hawakumtoa mshindi wa Cy Young, walimtoa kijana ambaye angeweza kabisa kuishia kuwa hakuna. Kilichonunuliwa siku ile ni ruhusa ya kumfanyia kazi.

Wengine nitawapitia upesi. Desemba 2012 Cleveland ilimtoa Shin-Soo Choo, aliyebakiza mwaka mmoja kuwa huru, kwa Cincinnati iliyotaka kushinda mwaka ule ule. Katika mzunguko wa timu tatu, Arizona ikaipa Cleveland Trevor Bauer, aliyekuwa wa tatu kwenye drafti nzima ya 2011. Arizona walikuwa wamemchoka baada ya kuanza mechi nne tu za ligi kuu. Pamoja naye akaja Bryan Shaw, ambaye kwa miaka mitano alikuwa akiingia katikati ya mechi karibu kila alipoitwa. Agosti 2014 Los Angeles Angels, wakikimbilia ubingwa wa kundi, walimtaka Vinnie Pestano, mrushaji ambaye siku zake nzuri zilikuwa zimepita. Cleveland wakamtoa, wakamchukua Mike Clevinger, kijana wa ngazi za chini aliyekuwa ametoka kupasuliwa kiwiko miaka miwili kabla. Miaka mitatu baadaye alikuwa mwanzishaji wa kutegemewa. Biashara hiyo haikupata hata aya nzima kwenye magazeti.

Sasa niseme ilipokuwa kinyume. Mwaka 2011 Cleveland walianza msimu kwa ushindi 30 katika mechi 45, timu bora kwenye ligi nzima, kabla hawajaanza kuteleza. Chris Antonetti alikuwa katika msimu wake wa kwanza wa umeneja mkuu. Mwishoni mwa Julai akamchukua Ubaldo Jiménez kutoka Colorado, mtu aliyeshinda mechi 19 mwaka uliotangulia, akawatoa Drew Pomeranz na Alex White, warushaji waliochukuliwa raundi ya kwanza ya drafti mbili zilizofuatana, pamoja na wengine wawili. Kasi ya Ubaldo ilikuwa tayari imeanza kushuka. Timu ilimaliza na ushindi 80 na vipigo 82. Mwaka 2012 Ubaldo alipoteza mechi 17. Nusu ya pili ya 2013 alikuwa wa moto kweli, akaifikisha timu kwenye mtoano, halafu akawa huru akaenda Baltimore.

Wengi huhesabu hiyo kama hasara na kufunga kitabu. Mimi naona kitu kimoja zaidi. Ubaldo alipoondoka, kanuni za wakati huo ziliipa Cleveland nafasi ya ziada kwenye drafti ya 2014, ya 31. Kwa nafasi hiyo walimchukua mrushaji wa mkono wa kushoto wa sekondari, Justus Sheffield. Na tarehe 31 Julai 2016 Sheffield alikuwa miongoni mwa wanne waliokwenda Yankees, pamoja na Clint Frazier, aliyekuwa wa tano kwenye drafti ya 2013, ili Andrew Miller aje Cleveland.

Ile ilikuwa bei kubwa kwa mtu anayerusha awamu moja au mbili kwa siku. Safari hii Cleveland ndio waliokuwa na haraka, na Yankees walijua. Lakini hata katika haraka ile kuna uamuzi ninaoustahi. Chapman, aliyekwenda Cubs wiki hiyo hiyo, alikuwa na mkataba wa kuishia mwaka ule. Miller alikuwa na mkataba hadi 2018. Cubs walimtoa Gleyber Torres, mmoja wa vijana bora kwenye ligi ndogo zote, kwa miezi mitatu. Cleveland walitoa karibu kiasi hicho kwa misimu miwili na zaidi. Kocha Terry Francona alimtumia Miller popote hatari ilipotokea, awamu ya tano, ya sita, ya nane. Katika mfululizo dhidi ya Toronto aliwatoa wapigaji 14 kwa straiki ndani ya awamu saba na theluthi mbili, akachaguliwa mchezaji bora.

Kufika World Series, ule wingi wa warushaji uliojengwa kwa miaka saba ulikuwa umevunjika. Carrasco alikuwa amevunjwa mkono Septemba na mpira uliopigwa moja kwa moja kwake. Danny Salazar alikuwa ametoka kuumia. Bauer alijikata kidole akitengeneza ndege yake isiyo na rubani, akaondolewa kwenye mechi ya Toronto damu ikichuruzika. Alibaki Kluber. Alianza mechi ya kwanza akashinda 6–0, akaanza ya nne akashinda, akaanza ya saba akiwa na mapumziko ya siku tatu tu. Katika mechi ya saba hakumtoa hata mpigaji mmoja kwa straiki. Mikono ilikuwa imechoka, yake na ya Miller pia. Cubs walishinda 8–7 katika awamu ya kumi, na aliyewatolea mpigaji wa mwisho alikuwa Mike Montgomery, aliyepatikana kutoka Seattle Julai ile ile, ambaye hakuwahi kabla ya hapo kufunga mechi, yaani kuulinda uongozi wa timu hadi mwisho, hata moja ya ligi kuu.

Kwa hiyo waliolipa kwa haraka walipata kombe baada ya miaka 108, na waliosubiri hawana kombe tangu 1948. Sina hoja ya kuupinga ukweli huo na sitaki kuuzunguka. Theo Epstein, mkuu wa ofisi ya usajili ya Cubs, alijua mwaka gani ni mwaka wake, akalipa, na Torres hawamlilii Chicago. Lawama yangu kwa Cleveland haiko kwenye namna ya kupata warushaji. Iko kwenye kilichofanywa na ile nafuu. Ukiwa na Kluber, Carrasco, Bauer na Clevinger kwa mishahara midogo kwa miaka minne mitano, fedha uliyookoa ina maana tu ikienda kwa wapigaji. Baada ya 2017 haikwenda ya kutosha. Wenye timu walipunguza mishahara wakati safu ile ya warushaji ingali hai, na hilo mimi kama mshabiki silisamehi kirahisi. Ofisi ya usajili ilitengeneza muda. Waliokuwa juu yake waliutumia kuweka akiba.

Kluber alivunjwa mkono na mpira Mei 2019, na Desemba ile akauzwa Texas. Watu walilia, na mimi nilisikitika sana. Texas walipata kwake awamu moja tu msimu wa 2020 kabla bega halijamsimamisha. Aliyekuja, Emmanuel Clase, alifungiwa mechi 80 kwa dawa zilizokatazwa hata kabla hajaichezea Cleveland, kisha akaongoza ligi yake kwa kufunga mechi miaka mitatu mfululizo, 2022 hadi 2024. Novemba 2025 waendesha mashtaka wa serikali kuu mjini New York wakamfungulia mashtaka yanayohusu kamari, ambayo ameyakana. Hakuna ofisi iliyoliona hilo mwaka 2019, kama ambavyo hakuna aliyekiona kiwiko cha Clevinger. Yeye aliuzwa San Diego tarehe 31 Agosti 2020, mwaka ambao dirisha lilisogezwa mbele kwa sababu ya korona, wiki chache baada ya kuvunja masharti ya karantini na kuwaudhi wenzake chumbani. Padres walikuwa wanakimbilia mtoano wao wa kwanza tangu 2006 na walitoa watu sita. Haikufika miezi mitatu, Clevinger alikuwa kwenye meza ya upasuaji.

Katika wale sita, Cal Quantrill alishinda mechi 15 mwaka 2022, na Josh Naylor akawa mpigaji wa kutisha. Wa mwisho kutajwa alikuwa Joey Cantillo, mrushaji wa mkono wa kushoto kutoka Hawaii, wa raundi ya 16. Nilimwona Columbus akiwatembeza wapigaji bure kwa kukosa shabaha, kisha akiwatoa watatu mfululizo kwa mpira wa polepole unaozama ghafla, kisha akikosa shabaha tena. Alipanda ligi kuu Julai 2024. Mwaka 2025 akawa mwanzishaji, karibu miaka mitano tangu siku ile ya Agosti, na timu bado ina haki naye kwa misimu kadhaa ijayo.